Kuwapeleka watoto maktaba ya umma: mwongozo kwa wazazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ukitoka na watoto mjini Jumamosi, iwe Kisumu au Nakuru, pesa huanza kukutoka kabla hujashuka kwenye matatu. Huyu anataka aisikirimu, yule ameona jumba la kurukia lililojazwa hewa, na wa mwisho hajui anachotaka ila analia kwa sababu wenzake wanalia. Jioni mfuko ni mtupu na hakuna aliyelala ameridhika. Wakati huohuo, si mbali na steji, kuna jumba la umma lenye viti vidogo, vitabu vya picha na mkutubi anayengoja watoto wasiokuja.

Wazazi wengi wa kwetu huichukulia maktaba kuwa ukumbi wa watahiniwa. Si uongo mtupu. Ukumbi mkubwa hujaa vijana wa kidato cha nne na wa vyuo, na ukipiga chafya tu vichwa vinainuka. Lakini matawi mengi yana sehemu ya watoto, na humo hufanyika mambo: saa ya hadithi, kuchora, mashindano ya kusoma kwa sauti, chemshabongo, sataranji. Shida ni kwamba hayatangazwi redioni. Hubandikwa karatasi moja mlangoni, basi, na anayejua ni aliyefika akauliza. Pale ambapo hakuna kitu, wazazi wachache wanaweza kukianzisha wenyewe, na hilo nimelieleza kwa urefu huko mbele kwa sababu ndilo lenye faida kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Jua maktaba iliyo karibu nawe na mwenye kuisimamia

Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, ambayo wengi huiita KNLS, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Kwa miaka mingi karibu kila maktaba ya umma uliyoiona nje ya Nairobi ilikuwa tawi lake. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika Jedwali la Nne iliweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Hii ndiyo sababu utakuta watu wakiendelea kuita jengo "KNLS" ilhali wanaolipwa kulisimamia ni watu wa kaunti.

Kwa mzazi, jambo hili lina maana siku moja tu: siku ya kuomba kitu au kulalamika. Muulize mkutubi, "Tawi hili liko chini ya kaunti au chini ya ofisi ya Nairobi?" Jibu litakuambia barua yako iende wapi.

Matawi hayako Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret, Kisii na Kericho peke yake. Siaya kuna Ukwala na Rambula, upande wa Muhoroni kuna Koru, Migori kuna Awendo, na Nakuru kuna Gilgil na Naivasha. Binafsi ningependa mzazi wa Ugunja aanze Rambula kabla ya kupanda gari kwenda Kisumu. Maktaba ndogo haina vitabu vingi, lakini mkutubi atalijua jina la mwanao mapema, na mtoto anayeitwa kwa jina hurudi.

Hatua ya 2: Nenda peke yako kwanza

Usiwakokote watoto siku ya kwanza. Pita siku ya kazi, asubuhi, wakati kaunta haina foleni. Ukienda Oktoba au Novemba utakuta watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wamejaa hadi ngazini na mkutubi hana nafasi ya kuzungumza. Januari mwishoni, Mei na Septemba huwa na utulivu.

Ukifika usiulize "Mna programu gani?" Swali pana hupata jibu la "Zipo, karibu." Uliza hivi:

"Habari ya asubuhi, madam. Nina watoto wawili, mmoja yuko PP2 na mwingine Gredi ya 3. Jumamosi kuna kitu chao hapa?"

Swali la namna hiyo linampa mkutubi umri na siku, na hapo utasikia ukweli: kwamba kuna saa ya hadithi lakini imesimama tangu mfanyakazi aliyekuwa akiiendesha ahamishwe, kwamba likizo ya Agosti huwa na shughuli wiki nzima, au kwamba hakuna, "lakini mkija wengi tunaweza kupanga." Jibu la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Lishike.

Kabla hujaondoka, ingia sehemu ya watoto uikague kwa macho ya mzazi. Rafu za chini mtoto anazifikia? Vitabu vya picha vipo au ni vitabu vya kiada tu vilivyochakaa? Choo kiko upande gani, na kiko wazi? Mtoto wa miaka minne hatakusubiri uutafute ufunguo. Tazama pia kama mlango wa sehemu hiyo unafungulia barabarani au ndani, maana mtoto aliyechoka na hadithi hutafuta mlango.

Hatua ya 3: Hakikisha neno "bure" lina maana gani hapo

Shughuli ya watoto yenyewe kwa kawaida hailipiwi. Kinachoweza kulipiwa ni vitu vilivyo pembeni yake: ada ndogo ya kuingia inayodaiwa mtu mzima katika baadhi ya matawi, uanachama wa kuazima vitabu, kompyuta, kuchapisha. Kila tawi lina utaratibu wake, na tofauti kati ya kaunti moja na nyingine ni kubwa, kwa hiyo soma orodha ya ada iliyobandikwa ukutani. Ikiwa haiko ukutani, omba uonyeshwe.

Siku hizi malipo ya taasisi za serikali hupitia simu. Taasisi za serikali ya taifa hupokea kupitia eCitizen, na kaunti zina nambari zao za malipo. Mtu akikuambia umtumie kwenye nambari yake mwenyewe, hata kama ni shilingi ishirini, mwombe risiti na uone atakavyojibu.

Hatua ya 4: Pangilia kwa kalenda, si kwa bahati

Wakutubi hupenda siku rasmi kwa sababu huwapa sababu ya kuandika barua kwa wakubwa wao. Hizi ndizo siku ambazo maktaba nyingi hujaribu kufanya jambo, na ni vizuri kuuliza wiki mbili kabla:

- Jumatano ya kwanza ya Februari, Siku ya Kusoma kwa Sauti Duniani
- 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama
- 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani
- 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika
- 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021
- 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kujua Kusoma na Kuandika

Kati ya hizi, ya Aprili huangukia likizo mara nyingi, na watoto wako nyumbani. Ya Juni kwa kawaida huwa na hotuba nyingi za watu wazima waliovaa suti huku watoto wakikaa juani. Nenda ukipenda, lakini beba kofia.

Likizo za Aprili na Agosti ndizo zenye rutuba. Ile ndefu ya mwisho wa mwaka huanza vizuri halafu Desemba watu huenda mashambani. Jumapili na sikukuu za taifa, panga kitu kingine.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Toka mapema. Kisumu kukifika saa sita jua linapiga na mtoto aliyetoka Nyalenda au Manyatta kwa miguu atafika amechoka kabla ya hadithi ya kwanza. Nakuru hali ni kinyume: asubuhi ina baridi, mvalishe sweta, kisha ulibebe wewe mchana kutwa.

Wape uji au chai na mkate nyumbani, washibe. Chakula hakiingii ndani. Maktaba nyingi pia hutaka mikoba iachwe mlangoni, ambapo mlinzi hukupa kibao chenye nambari. Weka simu, pesa na kitambulisho mfukoni kabla hujafika kwake. Kalamu za rangi, karatasi chache na chupa ya maji iliyofungwa vizuri, omba ruhusa uingie navyo.

Kanuni za utulivu zieleze njiani. Usimwambie mtoto "maktabani hakuna kuongea," kwa sababu saa ya hadithi ina kuimba na kujibu kwa sauti, na ataona umemdanganya. Mwambie: "Chumba chetu tunaongea, chumba cha wakubwa tunapita kimya." Hilo mtoto wa miaka mitano analielewa.

Nawe usimwache hapo ukaenda sokoni Kibuye. Mkutubi si yaya, na kazi yake si kuwahesabu watoto wa watu.

Hatua ya 6: Ukiwa ndani

Kama kuna shughuli iliyopangwa, kaa nyuma, zima sauti ya simu, na usimjibie mtoto wako akiulizwa swali. Kama hakuna, una rafu.

Vitabu vya maarifa hupangwa kwa nambari, na watoto wa Gredi ya 3 kwenda juu hufurahia kuzisaka nambari hizo kama hazina iliyofichwa. Ngano na hekaya ziko 398.2. Wanyama wa porini wanaanzia 590. Kuku wako 636.5, na hapa ndipo mzazi mwenye mtoto aliyeambiwa shuleni aandike kuhusu ufugaji anapookoa pesa ya mtandao. Mapishi ni 641.5. Mwandikie kila mtoto nambari moja kwenye kikaratasi, aitafute, achukue kitabu kimoja, arudi mezani asimulie alichokiona. Vitabu mlivyomaliza viacheni mezani. Kuvirudisha rafuni kwa kubahatisha kunampa mkutubi kazi zaidi, maana kitabu kilichokaa mahali pasipo pake ni kama kimepotea.

Mtoto achague mwenyewe. Akichukua kitabu cha "watoto wadogo," mwache. Akikirudia kilekile Jumamosi tatu, mwache. Ninawaona wazazi wakimketisha mtoto wa Gredi ya 6 na kijitabu cha marudio ya KPSEA, mtihani wa gredi hiyo, katikati ya sehemu ya watoto, huku mdogo wake akicheka na kitabu cha picha meza ya pili. Mtihani una siku tano za wiki. Jumamosi mwachieni mtoto.

Kwa wadogo, dakika arobaini zinatosha. Ondokeni wakiwa bado wanataka kubaki.

Hatua ya 7: Pakiwa hapana kitu, anzisheni chenu

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na ndipo pana nafasi. Mkutubi wa sehemu ya watoto mara nyingi yuko peke yake. Anahudumia kaunta, anabandika nambari, anajibu simu. Akipata wazazi wanne wa kuaminika, saa ya hadithi hufufuka.

Anzeni na watu mnaojuana: jirani wa ploti, mama wa kanisani, mwalimu anayeishi mtaani. Kubalianeni siku moja kwa mwezi. Kila wiki ni mzigo na mtaacha baada ya muda mfupi. Kisha andikeni barua fupi, mumpelekee mkuu wa tawi kwa mkono na mbaki na nakala yenye muhuri. Iwe hivi:

*Kwa Mkutubi Msimamizi wa Tawi,*

*KUH: OMBI LA SAA YA HADITHI KWA WATOTO*

*Sisi wazazi wa mtaa wa Kaptembwo tunaomba kutumia sehemu ya watoto kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne hadi saa tano asubuhi. Tutaleta watoto wasiozidi 20 wa miaka 4 hadi 9, pamoja na wazazi wanne wa kuwasimamia muda wote. Tutaleta karatasi na kalamu za rangi, na tutaacha chumba kikiwa safi. Tunaomba mkutubi mmoja atusaidie kuchagua vitabu. Watoto wengine watakaokuwapo maktabani siku hiyo wanakaribishwa.*

Sentensi ya mwisho ina uzito. Maktaba ni ya umma, na ombi la kikundi kinachotaka kujifungia chumba hukataliwa, tena kwa haki.

Sasa shughuli yenyewe. Fungueni kwa vitendawili, kwa sababu vinamvuta hata mtoto mwenye haya. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia mibani." Nanasi. Vitano hivi, kisha mtoto mmoja atege chake. Chake kitakuwa hakina maana, pigeni makofi.

Hadithi ya kusomwa isomwe na mtu aliyekwisha kuisoma nyumbani. Ukikutana nayo mara ya kwanza mbele ya watoto, utajikwaa na wao watahama. Chagua yenye kibwagizo au wimbo unaorudi ili wakuitikie. Kaa kwenye kiti cha chini au mkekani, kitabu ukikishikilia pembeni ya bega picha zikiwaelekea wao, na usome polepole kuliko unavyodhani inafaa. Simama kabla ya kufungua ukurasa na uulize, "Mnadhani fisi atafanya nini?" Usiulize "Tumejifunza nini?" mwishoni. Swali hilo wanalipata shuleni kila siku.

Kuna jambo bora zaidi kuliko kitabu, nalo ni mzee. Dani, kukhu, cucu au kogo, yaani nyanya, wa mmoja wa watoto, akialikwa kwa heshima na kutumiwa nauli, atafanya kile ambacho hakuna rafu inayofanya. Eneo letu limejaa hadithi: Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kijiji kilichomnyima bibi kizee makao usiku wa sherehe kikamezwa na maji, Luanda Magere, shujaa wa mwili wa mawe ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini, Kit Mikayi, mawe yaliyobebana njiani kwenda Bondo, na huko Nakuru, Menengai na vita vya Wamaasai kwenye ukingo wake. Mzee asimulie kwa lugha yake, na mtu mzima mwingine atafsiri kwa Kiswahili kila baada ya sentensi chache. Watoto wa mjini husikia lugha ya nyumbani ikipewa kiti cha mbele, na hilo peke yake ni jambo. Kwa wadogo kabisa, mwombeni apunguze mikuki.

Baada ya hadithi, karatasi. Kila mtoto achore sehemu aliyoipenda na mkutubi abandike michoro ukutani. Wazazi wakiona jina la mtoto wao ukutani huja mwezi ujao bila kukumbushwa. Wakubwa kidogo wanaweza kumaliza kwa ajua (aina ya bao) au drafti, mbegu na vizibo vya chupa vinatosha.

Vitabu vikiwa haba, African Storybook ni mkusanyiko wa mtandaoni wa hadithi za picha zinazosomwa na kuchapishwa bila malipo, na mbali na Kiswahili utapata za Kidholuo, Lubukusu na Ekegusii. Chapisha tatu kwa wino mweusi, zibane kwa stepla, na watoto wazipake rangi wenyewe. Pia ulizia huduma ya masanduku ya vitabu, ambapo maktaba huikopesha shule au kikundi sanduku zima kwa muda. Matawi yenye huduma hiyo huhitaji barua ya shule.

Kuhusu picha: kila mtu ana simu na kila mtu atataka kupiga. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya mtoto wa mwenzako ukiiweka kwenye mtandao umeigusa sheria hiyo. Amueni mapema: picha za mikono, michoro na visogo, au idhini ya maandishi. Mgeni wa kisiasa akitokea na mpiga picha wake, na karibu na uchaguzi watatokea, aambiwe hivyohivyo.

Hatua ya 8: Kuazima

Watoto wakizoea, waandikishe. Utajaza fomu, utatoa nakala ya kitambulisho chako, na huenda ukahitaji mdhamini au muhuri wa mwalimu mkuu. Tarehe ya kurudisha hugongwa muhuri kwenye karatasi iliyo ndani ya jalada. Iandike kwenye kalenda ya jikoni, maana faini ya kuchelewa huanza kidogo na kukua kimyakimya. Vitabu vya maktaba vipewe mfuko wao wa nguo, mbali na kitoweo na mbali na mbuzi.

Kitabu kikichanika, usikigandishe kwa selotepu. Kirudishe kama kilivyo, wana gundi yao. Kikipotea, nenda ukaseme kabla ya tarehe kufika. Utatakiwa kukilipia au kuleta kingine cha namna hiyohiyo, na kabla ya kununua dukani uliza toleo wanalolitaka. Baada ya kulipa, chukua risiti na usubiri hapo kaunta hadi uone jina la mtoto limeondolewa kwenye orodha ya wanaodaiwa.